Mtutu Uliolala kwa Oleta

Siku Oleta alipomwambia mumewe kwamba shangazi yake Maudine amefariki, Verlin Stidham alijibu bila kuinua macho, "Inchi kumi na nusu."

Tumtendee haki kidogo. Alikuwa karakanani, pua imezama kwenye katalogi ya vipuri vya bunduki, na kwa wiki nzima alikuwa akibishana na nafsi yake juu ya urefu wa mtutu. Jibu lilipomjia likamtoka tu, kama chafya. Alipotambua alichosema, mkewe alikuwa ameshafika mlangoni.

Mazikoni walikwenda pamoja, Verlin kavaa suti yake moja, na watu wakampa mkono. Lakini baada ya hapo nyumba ya marehemu, ile nyeupe ng'ambo ya kijito, ikaanza kuwaka taa jikoni. Oleta alikuwa amehamia huko. Alichukua nguo zake, masufuria, na paka. Katalogi alimwachia mwenyewe.

"Sikukimbii, Verlin," alimwambia akifunga buti ya gari. "Ninakwenda mahali ambapo nikisema kitu, angalau paka anageuza kichwa."

Verlin angeweza kumjibu. Alisimama uani, mikono mifukoni, akitafuta neno, na gari likavuka daraja kabla hajalipata. Huyu ni mtu aliyefungua na kufunga injini za mabasi ya shule maisha yake yote, akizisikiliza kwa sikio moja na kuutambua ugonjwa wake. Lakini hakuwahi kumsikiliza mkewe hivyo. Na sasa usiku alikuwa akilala upande wake uleule wa kitanda, ameacha nafasi ya mtu ambaye hayupo, na ilimuuma vibaya sana.

Mwanamume mwingine angekwenda kugonga mlango. Yeye akaendelea na bunduki.

Ukimuuliza, alisema anataka bunduki ya mtutu mfupi kwa sababu ya koyoti, mbwamwitu wadogo wanaokula kuku. Kuku wa mwisho pale kwake alikufa kwa uzee. Ukweli ni kwamba Delmas alikuwa nayo. Delmas ni mdogo wake Oleta, mwenye duka njia panda linalouza bunduki upande mmoja na chambo cha samaki upande wa pili, na kila mteja aliyeingia lazima aoneshwe ile bunduki fupi, apende asipende.

"Shemeji, hii si kitu cha kukurupukia," Delmas alimwambia, akiwa na paja la kuku wa kukaanga mkononi. "Bunduki ya begani, mtutu wake ukiwa chini ya inchi kumi na sita, lazima serikali kuu ikupe kibali. Unaomba, unatuma picha na alama za vidole, sherifu anapelekewa nakala, halafu unangoja. Wakikubali ndiyo unaunga mtutu kwenye bunduki. Ukiunga kabla, unakwenda jela, na dada yangu hatakuletea hata maharage."

"Nitangoja."

"Utangoja sana. Wengine wamengoja mpaka wakasahau walikuwa wanangoja nini."

Delmas alijaza maombi kwenye kompyuta ya dukani, maana Verlin alikuwa na simu ya kukunja isiyojua kitu zaidi ya kuita. Alimpiga picha mbele ya friji la minyoo ya chambo. Kisha akamchukua alama za vidole palepale kaunta, bila kunawa. Baada ya muda zikarudishwa: hazisomeki, zichukuliwe upya.

"Ni vidole vyako," alisema Delmas. "Vimelika na breki za mabasi."

"Ni kuku wako," alisema Verlin.

"Haya, basi nenda kwa bingwa. Dada alikuwa karani wa jela ya kaunti miaka yote ile. Hakuna mwizi wa hapa ambaye vidole vyake havijapita mikononi mwake."

Verlin alijifanya kufikiri. Moyoni alikuwa ameshafika darajani.

Oleta alimfungulia mlango, akamtazama juu mpaka chini, akasikiliza shida yake, na akamwonesha sinki. "Nawa. Kwa sabuni. Na kucha." Akatandaza magazeti mezani, akaweka kidau cha wino, akamshika mkono wa kulia kwa namna alivyowashika wafungwa: imara, bila chuki.

"Legeza."

"Nimelegeza."

"Verlin, nimewahi kushika mikono ya wauaji iliyolegea kuliko huu. Usinisaidie. Kazi yako ni kutofanya kitu, na hilo unaliweza."

Akakiviringisha kidole gumba kwenye wino, akakiviringisha kwenye kadi, polepole, kutoka ukucha hadi ukucha. Halafu cha shahada. Verlin alikuwa akitazama utosi wake, mvi ambazo zilikuwa zimeongezeka bila yeye kupewa taarifa. Hakuna mtu aliyemshika mkono tangu mazikoni. Akaona kwamba vidole vitakwisha, kwani ni kumi tu, na kwamba akishanawa wino hana tena sababu ya kuwa pale.

Hapo ndipo akili yake, ambayo kwa kawaida huchelewa, ikawahi.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Mtutu niliouagiza umeshafika."

"Hongera."

"Bunduki yenyewe iko nyumbani. Sasa, watu dukani wanasema si vizuri vilale chini ya paa moja kabla ya kibali. Mtu akivikuta pamoja atasema nilikusudia kuunga kimyakimya. Mtutu unatakiwa ukae kwingine."

"Kwa Delmas."

"Kwa Delmas kuna matangi ya chambo. Unyevu."

Oleta aliweka kidole cha mwisho kwenye kadi, akakinyanyua. "Unataka niutunze mtutu wako."

"Kwa muda tu."

"Serikali huchukua muda gani?"

"Miezi," alisema Verlin. "Mwaka, pengine!" Aliyasema kwa furaha isiyolingana kabisa na habari yenyewe.

Oleta alimtazama tena. "Ulete. Ila sitaki kuukuta kwenye kitanda changu wala kwenye meza ya chakula."

Basi Verlin akawa na la kufanya Jumapili. Baada ya kanisa alivuka daraja na kitambaa na kichupa cha mafuta, kwenda kuukagua mtutu. Nadhani hakuna chuma katika jimbo zima la Kentucky kilichopata matunzo ya namna ile. Aliufuta, akauangalia tundu kwa mwanga wa dirisha, akaufuta tena. Oleta akapakua maharage na mkate wa mahindi, kwa sababu huwezi kula mbele ya mtu anayepaka chuma mafuta bila kumpa sahani.

Jumapili moja alikuta dirisha la jikoni, lile la kuinuliwa juu, limeegemezwa wazi kwa mtutu ule. Ulikuwa umesimama wima kwenye fremu, mvua ikiunyunyizia.

Verlin alifungua mdomo. Yote yaliyokuwa tayari kutoka humo yalihusu kutu. Oleta alikuwa jikoni anamsubiri, mkono kiunoni, na yeye, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akayameza maneno yake.

"Hili dirisha halisimami lenyewe?" aliuliza.

"Kamba ya kulishikilia juu ilikatika kabla shangazi hajafa. Alikuwa akiliegemeza na kitabu cha nyimbo."

"Alikuwa mtu wa namna gani siku hizo za mwisho?"

Oleta alishtuka. Kisha akavuta kiti. Alisimulia mpaka maharage yakapoa, jinsi Maudine alivyokuwa akitukana madaktari na kuwabusu wauguzi, na Verlin akasikiliza kwa masikio yote mawili. Hakugusa mtutu siku ile. Juma lililofuata alileta kamba mpya akatengeneza dirisha. Lililofuata akabadilisha ngazi ya kibaraza iliyooza. Mtutu ulikaa kabatini, nyuma ya makoti, na siku nyingine aliondoka bila hata kuusalimia.

Mambo yalikuwa yakienda hivyo, polepole na vizuri, serikali ilipomharibia kwa kufanya kazi yake haraka.

Alikuwa ameingia dukani kununua betri. Delmas aliipiga kengele ya kaunta kama gari la zimamoto. "Shemeji! Kimetoka!"

"Kimetoka nini?"

"Kibali! Kimeingia asubuhi hii!"

Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa kando ya jiko walipiga makofi. Mmoja, ambaye maombi yake yalitangulia, alinuna waziwazi. Verlin alishika ukingo wa friji la minyoo.

"Mapema hivi? Hawajakosea?"

"Hawajakosea. Jina lako, mji wako, urefu wako wa mtutu."

"Wapigie uwaulize."

"Niipigie serikali niulize kwa nini imewahi? Watadhani nimelewa. Lete bunduki nikuchoree jina lako na mji ubavuni, sheria inataka, halafu kachukue mtutu kwa dada uunge leo hii hii. Utalala nayo!"

"Bega linaniuma," alisema Verlin.

"Unaunga na bega?"

Verlin akamvuta shemeji yake kando, mpaka kwenye ndoo za kamba wadogo wa chambo. "Delmas, usimwambie dada yako."

"Nisimwambie kwa nini? Si atafurahi kuondokewa na lile..." Delmas aliishia hapo. Si mwepesi, lakini hufika. "Ahaa," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, "Ahaaa." Akaweka mkono kifuani akaapa kwamba siri hiyo atazikwa nayo. Ilidumu kiasi cha kutoka dukani mpaka nyumba nyeupe, na barabara ile ni fupi.

Verlin hakujua. Jumapili ilipofika alivuka daraja na kichupa chake cha mafuta.

"Serikali inasemaje?" Oleta aliuliza akikata mkate.

"Bado. Unawajua."

Jumapili iliyofuata aliuliza tena. Verlin alisema mkaguzi anayeshughulikia faili lake anaumwa. "Maskini," alisema Oleta, akamwongezea maharage. Safari nyingine ofisi ilikuwa imeingiliwa na maji. "Ofisi nzima?" aliuliza Oleta. "Ghorofa ya chini. Ndiko yalikokaa mafaili ya mitutu." Oleta akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa na kumpa kitunguu.

"Na yule mkaguzi mgonjwa?" aliuliza Jumapili ya baadaye. "Amepata nafuu?"

Verlin alitafuna kwa muda mrefu. Alikuwa amechoka kusema uongo, na uchovu ulimfanya azidishe. "Amefariki," alisema.

"Pole sana. Naona mlikuwa mmezoeana."

Oleta akainuka, akaenda kabatini, akarudi na mtutu umefungwa taulo. Akauweka mbele yake, palepale kwenye meza ya chakula, kati ya siagi na chumvi.

"Delmas aliniambia siku ileile, Verlin. Alikuja anatweta. Nimekuacha useme kwa sababu nilitaka kuona utaua watu wangapi."

Masikio ya Verlin yaliwaka moto. Alitazama taulo. Sasa ilikuwa halali yake kuuchukua, kwenda nao nyumbani, kuufunga kwenye bunduki, na kukaa nao usiku kucha ndani ya nyumba ile isiyo na mtu. Hakuwahi kuogopa kitu hivyo.

"Basi chukua mzigo wako," alisema Oleta. Sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Umewaambia watu wa Washington usiowajua unataka nini, mpaka nusu inchi. Umewapelekea picha na vidole vyote kumi. Mimi umekuwa ukila mezani kwangu tangu majira ya joto na hujaniambia lolote. Unataka nini?"

"Mtutu..."

"Verlin."

Aliusukuma ule mtutu kando, ukabiringika na taulo lake hadi ukagonga jagi.

"Nataka urudi nyumbani," alisema. "Nilikukosea. Shangazi yako amekufa na mimi nikakujibu upuuzi. Nimekuwa nikija hapa kukuona wewe, hicho chuma hata kikiota kutu sijali. Rudi, Oleta. Siwezi kukaa mle peke yangu."

Oleta alikunja mikono. Alikuwa na machozi, na alikasirika kuwa nayo.

"Sirudi," alisema.

Verlin aliitika kwa kichwa. Akaona ni haki. Akaanza kuinuka.

"Kaa chini, nimekuruhusu? Kule sirudi. Kule ni karakana iliyotiwa kitanda, na mimi jiko hili nimelipenda. Nimesema sirudi kule. Uliza kingine."

Sasa hapo palihitaji mtu mwepesi, na tunamjua Verlin. Alitazama meza. Alitazama dirisha. Oleta alingoja mpaka paka akaondoka.

"Naweza," alisema Verlin hatimaye, na ikabidi akohoe aanze upya, "naweza kubaki mimi hapa?"

"Vua hizo buti basi," alisema mkewe. "Nimedeki."

Aliinama kufungua kamba, na kwa jinsi alivyokuwa akilia ilimchukua muda kuziona.