Mguu wa Mzee Elinaza

Loth ni mwizi. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimezunguka.

Miaka sita tulichekesha pamoja, kuanzia harusi za Same mjini hadi mahafali ya shule za Maore. Mimi nilikuwa Mzee Sinacho, mbahili wa Kipare mwenye koti refu, kofia iliyoziba macho na ndevu za mkonge. Ukimwomba chumvi, anakohoa mpaka unaondoka. Loth alikuwa jirani yake mwombaji. Video zetu ziliposambaa, makondakta wa mabasi walikuwa wakinikoholea badala ya kunisalimia. Nikajiona nimefika.

Kisha televisheni moja ya Dar ikatuita. Simu ya kazi alikuwa nayo Loth, kwa sababu mimi nilikuwa kwetu milimani, Mbaga, kwenye msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe kwenda kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na asiyetoka atasemwa mpaka kaburini. Niliporudi Same, Loth hayupo, koti halipo, ndevu hazipo. Huko Dar aliwaambia Mzee Sinacho ni yeye, na kwamba mimi, Hezroni, nimeokoka, nimeacha uigizaji. Nani angebisha? Sura yangu haikuwahi kuonekana kwenye video zetu.

Nikarudi nyumbani kulima tangawizi. Kila Jumamosi jioni watu walijaa dukani kwa Asteria kumtazama Mzee Sinacho, nami nikakaa nao nikimeza nyongo. Walinipa pole, kisha wakacheka. Baba yangu, Mzee Elinaza, hapendi televisheni, lakini kila wiki alikuja kuketi ubavuni mwangu.

"Tutakwenda mahakamani," aliniambia mbele ya watu wote. "Hata kama ni kwa ng'ombe wangu wa mwisho. Mwanangu hawezi kuporwa hivi hivi."

Jumamosi moja, Mzee Sinacho wa Loth alisikia pembe ya msaragambo. Akaanza kuchechemea. Majirani wakamhurumia, wakaenda ndivani bila yeye. Siku ya pili pembe ikalia tena, akatoka akichechemea mguu mwingine.

Duka zima likaangua kicheko.

Mzee Lukasi, rika la baba, alifuta machozi, akageuka. "Elinaza! Si wewe huyu? Mwaka ule ndiva ilipobomoka?"

Wakacheka upya, safari hii wakimtazama baba.

Mwaka ule mama alikuwa kitandani, hawezi hata kujigeuza. Baba ndiye aliyemwogesha na kumfulia mashuka. Mama aliona aibu, akamwapisha asimwambie mtu yeyote, hata dada zake. Basi baba akajifanya kiwete ili abaki nyumbani, siku ya pili akakosea mguu, akaitwa mvivu na mwongo, akanyamaza. Siri hiyo alinipa siku tuliyomzika mama. Nami nilimpa Loth, mchana mmoja tukingoja zamu yetu harusini, kwa sababu ya ule mguu uliobadilika. Nilishindwa kujizuia, ilichekesha mno. Nilimwonya tu kwamba hiyo si ya jukwaani.

Baba alinyanyuka akatoka. Nikamkimbilia hadi barabarani.

"Baba, ni Loth! Ameniibia hata hili!"

"Loth mimi simjui," alisema. "Siri ya mama yako nilimpa mwanangu."

Kesi hatukuitaja tena. Chakula alikula peke yake, na nilipomwambia shikamoo aliitikia akitazama migomba.

Jumatatu pembe ikalia. Baba ana miaka themanini, msaragambo haumhusu tena. Alichukua jembe ukutani, akanipita mlangoni, akashika njia ya ndivani akitembea wima, miguu yote miwili sawasawa.

Watu wa ndivani walianza kucheka kabla hajafika. Nilikuwa nawasikia kutoka pale mlangoni.