Zamu ya Kumpakata Hinano

Fumie alikuwa na mjukuu wa siku thelathini na tatu ambaye hajamgusa hata ukucha. Nagisa, mke wa mwanawe, alikwenda kujifungulia kwao Ikoma kama wafanyavyo wanawake wengi, na tangu hapo mtoto akawa mikononi mwa yule bibi mwingine, Shizuyo. Shizuyo kamwogesha, Shizuyo kambembeleza, Shizuyo na picha zake kila asubuhi kwenye simu. Fumie alizitazama zote, akakereka, kisha akarudia kuzitazama.

Lakini leo ilikuwa zamu yake. Mtoto akipelekwa hekaluni mara ya kwanza, anayempakata ni bibi mzaa baba, Shizuyo apende asipende. Fumie alifika nusu saa kabla, akapita chini ya lango jekundu lililobanwa baina ya benki na maegesho ya magari katikati ya Osaka, akanawa mikono, akasukutua, akangoja.

Walipofika, Shizuyo ndiye aliyembeba.

"Samahani, mkwe, tumekuweka," Shizuyo alisema. "Huyu ukimwamsha vibaya, siku nzima hamsemeshani!"

"Kumbe mshajuana."

"Hee, si tunalala chumba kimoja!"

Roho ilimuuma Fumie. Chumba kimoja! Nani kamuuliza?

"Haya, mlete," akanyoosha mikono.

"Shika shingo vizuri."

"Nimelea, mkwe. Huyu Ryohei sikumwokota."

Ryohei, mwanawe, alicheka kidogo akatazama viatu vyake. Nagisa akamfunika mtoto kimono cha sherehe na kufunga kamba zake shingoni mwa Fumie. Kimono alikinunua Shizuyo, maana ni kazi ya upande wa mama, lakini leo kilimkaa Fumie.

Hinano akakunja uso, akaangua kilio. Shizuyo akanyoosha mikono, Fumie akampa mgongo. Akamtikisa polepole, akamnong'oneza upuuzi wote aliowahi kumnong'oneza Ryohei, na mtoto akanyamaza. Lo! Fumie akamtupia mwenzake jicho, akaona amebana midomo. Akome! Raha ile hakuwa ameionja tangu mumewe afe. Na kesho Nagisa na mtoto wangerudi kwenye nyumba yao ya kupanga, dakika tano tu kutoka kwake. Angempakata kila siku, na Shizuyo atazame picha kwenye simu.

Ndani, kasisi alipiga ngoma, akaanza kuomba. Kwa kawaida hutaja jina la mtoto, la wazazi na mahali wanapokaa, miungu wasije wakakosea nyumba. Akavuta sauti kuzishinda honi za barabarani:

"Hinano, binti wa Ryohei na Nagisa, wakaao Ikoma, mtaa wa pili, nyumba namba kumi na tisa..."

Fumie aliijua anwani hiyo. Miaka mitatu alikuwa akiiandika kwenye kadi za mwaka mpya alizomtumia Shizuyo.

Akamgeukia mwanawe. Ryohei alikuwa ameinama, shingo imemwiva.

"Nilitaka kukwambia baada ya chakula, mama," akanong'ona. "Tumehamia huko juzi."

Fumie alimkumbatia mtoto kwa nguvu mno, mpaka Hinano akaanza kulia tena. Safari hii Shizuyo hakunyoosha mikono. Alikaa akingoja kasisi amalize, hana haraka yoyote.