Vidato Arobaini na Tatu

Kurasa za kitabu zilitandazwa juu ya meza ya jikoni. Noreen Treloar aliweka kidole kwenye ukurasa wa sitini na moja, chai yake ikipoa.

"Umemsitiri Colin wangu," alisema. "Umeandika 'alichelewa' tu. Wenzako baani walimwita Kobe mpaka tunamzika."

Desmond Kerslake alisogeza kikombe chake mbali na kurasa. Kwa miaka thelathini alikuwa msomaji wa kipimo cha mto katika mji wa Yarrabin: kila alfajiri alishuka ukingoni, akasoma namba ya kina cha maji kwenye ubao, akaiandika daftarini, akapiga simu, na redio ikaitangaza. Historia ya mji aliyoiandika ilisimama juu ya daftari hilo. Kesho ingekwenda kwa mchapaji.

Lakini asubuhi moja ya mafuriko ya mwaka 1974 alipitiwa na usingizi. Mto ulikuwa ukishuka tangu juzi, kwa hiyo akakisia: mita nane nukta moja. Akapiga simu. Mji mzima ulikuwa ukingoni ukijaza mifuko ya mchanga, Noreen akiwa miongoni mwao. Colin alikuwa peke yake shambani, na redio. Kwa kuiamini namba hiyo, akawaacha kondoo mia tatu kwenye malisho ya bondeni. Adhuhuri mizoga yao ilikuwa ikielea. Adhuhuri hiyohiyo Desmond alifuta namba yake, akaandika ya kweli: nane nukta tisa; maji yalikuwa yamepanda tena usiku.

"Aliapa kwamba redio ilisema mto unashuka," Noreen aliendelea. "Nikamwambia, wewe mzee, masikio yako yamejaa sufu. Daftari la Desmond halisemi hivyo." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi, mkewe mwenyewe, sikumwamini."

Desmond alizikusanya kurasa, akazipanga, akazipanga tena.

"Vaa kofia. Twende mtoni."

"Kwa jua hili? Umepatwa na nini?"

Kasuku weupe walikuwa wakizozana juu ya mikaratusi. Mto ulikuwa umekonda, rangi ya chai ya maziwa. Desmond alisimama pale ngazi ya zege inapoanzia.

"Colin alisikia vizuri," alisema. "Redio ilitangaza nilichoiambia. Asubuhi ile sikushuka hapa, Noreen. Nilikisia, kisha nikafuta."

Noreen aliutazama ubao wa kipimo kule chini.

"Ni vidato vingapi hukuvishuka?"

"Arobaini na tatu."

Noreen alishika chuma cha pembeni, akateremsha mguu.

"Kimoja," alisema, bila kugeuka. "Viwili."

Desmond alivua kofia yake, akabaki juu, akisikiliza hesabu.