Ukuta wa Baba Juu ya Kabati

Eufrasia alimpokea mkaguzi roho kwatu. Kabati la sigara lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa umefungwa, kama sheria ya Uingereza inavyotaka: sigara uuze, lakini zisionekane wala zisisifiwe. Katika duka lake la Walthamstow hakuona pa kukamatiwa.

Mkaguzi huyo, Evans, kijana wa Kikenya aliyeajiriwa na halmashauri, alilitazama kabati mara moja tu. Kisha akainua macho.

"Dada, na hii picha?"

"Huyo ni marehemu baba yangu, mbele ya duka lake Muleba."

"Pole sana. Lakini hapo nyuma yake kuna advert."

Kweli ilikuwepo. Ukuta mzima wa baba, mzee Method, ulikuwa mwekundu, umechorwa pakiti ya sigara kubwa kama mlango. Kwao nani asiyejua mambo hayo? Kampuni inakuja, inakupakia duka rangi bure, nawe unashukuru. Mtu haoni tangazo hapo, anaona duka la fulani. Ndiyo maana Eufrasia aliikuza picha ile akaitundika kwa mikono yake mwenyewe juu ya sigara, pale pale sheria inapokodoa macho.

Damu ikamchemka. Hakuwa na picha nyingine ya baba.

"Mnataka nimtoe baba yangu dukani? Nani atavuta sigara kwa sababu ya ukuta wa Muleba?"

Evans hakupandisha sauti. Alisema picha ibaki, ila ukuta ufunikwe. Halafu, labda kwa kumtuliza tu, akauliza, "Kwani mzee mwenyewe alikuwa anavuta?"

"Hakuwahi! Mpaka walipoleta rangi, wakamwachia na pakiti za..."

Miaka yote amekuwa akiwaambia watu kuwa baba aliondoka kwa kifua, basi, kana kwamba kifua humjia mtu chenyewe. Alilia pale pale kaunta, bila haya, na Evans akajitia kusoma makopo ya maharage.

Mkaguzi alipokwenda zake, Eufrasia alichukua kipande cha kitenge, akakikata kufuata mabega ya mzee, akakibandika kwenye kioo cha picha. Wekundu wote ukapotea. Baba akabaki peke yake, anacheka, na Eufrasia akaona kapendeza kuliko zamani.

Jioni aliingia Ryan, fundi baiskeli wa duka la pili kutoka hapo, mteja wake wa kila siku. Alikohoa kwanza, kisha akaomba pakiti yake ya kawaida. Eufrasia akafungua kabati. Pakiti zilikuwa zimejaa pomoni, na wote wawili waliziona.

"Zimekwisha," akamwambia, na akaurudishia mlango taratibu.