Kufuli ya Nyasuguta

Mama mwenye mtoto mmoja ana jicho moja. Akiona watu wanalitazama sana, hulifunika kwa kiganja, na akishalifunika hana la kuonea njia. Ndivyo alivyokuwa Nyasuguta, muuza ndizi wa soko la Homa Bay, miaka ile ya tisini, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu.

Jicho lake lilikuwa Masese, kijana wa kuchomelea vyuma, shingo nene kama mchi, mchezaji wa klabu ya raga ya mji. Klabu ile ilikuwa na mfuko wa kusaidia wananchi, na mfuko ule uliongozwa na wadhamini watatu: mzee Walter, aliyestaafu kazi ya hospitali, Dolphine, muuza samaki, na Nyasuguta mwenyewe. Walikuwa na mashua ya kuchukua wagonjwa visiwani, na sasa, baada ya injini ya zamani kufa, walikuwa wamepata mpya ambayo bado haijaonja maji. Kwa vile mali ya umma huota miguu, walipatana hivi: injini ikae stoo, mlango uwe na kufuli tatu, kila mdhamini afunge yake na abebe ufunguo wake. Ufunguo hauazimwi, wala hauachwi kwa jirani. Stoo hufunguliwa na watatu, au haifunguliwi.

Mpango mzuri. Lakini mpango hautibu roho.

Dolphine hakujaliwa mtoto, basi timu nzima ikawa wanawe. Aliwafulia jezi, aliwakanda magoti kwa maji moto, akawatukana kwa Kijaluo mpaka wakacheka. Nao wakamwita Mama Raga. Kila lilipotajwa jina lile, Nyasuguta alihisi kama mtu ametia mkono tumboni mwake akachukua kitu.

"Kula basi," alimwambia Masese jioni moja, akimsogezea ugali wa wimbi na mboga.

"Nimeshiba, mama. Mama Raga alitukaangia ngege, we! Yule samaki hana hata mfupa."

"Na mimi niliyekuzaa, nimkaangie nani? Paka?"

Masese akacheka mpaka akashika mbavu. Alidhani ni mzaha. Nyasuguta akakifunika chakula, akaenda kulala nacho moyoni.

Wadhamini walipokutana kupanga siku ya kuzindua injini, Walter akataja Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku ya mechi na watu huwa wengi.

"Jumamosi? Na mnajua mimi ni Msabato," Nyasuguta akasema.

"Mama Masese, wewe tuombee ukiwa huko," Dolphine akajibu, "na nyama yako ya sherehe nitaila mimi. Usihofu, nitaitendea haki!"

Wakacheka. Nyasuguta naye akacheka, ila kwa meno tu. Ijumaa asubuhi akaufunga ufunguo wake kwenye pindo la leso, akaondoka kwenda Migori kwa dada yake, Bochaberi. Hakumwambia yeyote ila mwanawe, naye alimwambia habari ya Sabato tu. "Watafungua kwa meno," akajisemea njiani, na moyo wake ukapoa kidogo, kama kidonda kilichopulizwa.

Mchana wa siku hiyohiyo mashua ya samaki ikafika Homa Bay kutoka Remba na habari mbaya. Kultum, mama wa kuuza chai kisiwani, mtoto wake alikuwa anahara na kutapika tangu usiku. Wenye mashua walikuwa wamekataa kumpakia, wakiogopa ni kipindupindu. Mashua ya klabu ndiyo peke yake isiyochagua mgonjwa, na injini yake ilikuwa nyuma ya kufuli tatu.

Masese akakimbilia simu ya nyumbani kwa Walter. Kule Migori, Bochaberi alikuwa amepanga nyuma ya duka la Noordin, na duka lilikuwa na simu.

"Mama, kimbia uje na ufunguo! Kuna mtoto Remba, hali yake mbaya."

"Nakuja, mwanangu," Nyasuguta akasema, na wakati ule alikuwa anasema kweli. Leso alikuwa ameshaikaza kiunoni.

"Haya. Mama Raga anasema uharakishe, usianze mambo ya kusalimiana."

Mama Raga anasema. Nyasuguta akaweka simu chini taratibu. Kumbe ni huyo anayetoa amri? Kumbe amesimama hapo hapo, begani kwa mwanangu, ananituma kama mtoto?

"Kuna nini?" Bochaberi akauliza.

"Hakuna. Mambo ya klabu. Nipe uji kwanza."

Akanywa uji. Gari la Homa Bay kupitia Rongo likapiga honi, likaondoka. Akasema atapanda linalofuata. Acha ajue kidogo kwamba hata mimi nina ufunguo. La pili likaja na viti vitupu, likaondoka. Jua likaanza kuinama, na Nyasuguta akaona ameokoka: Sabato inaingia, na Msabato hasafiri. Alijua vizuri kwamba kuokoa roho hakuvunji Sabato. Mchungaji amelisema hilo mara ngapi? Lakini wivu una Biblia yake, na huifungua ukurasa unaoutaka.

Jumamosi alikaa kanisani, asisikie neno hata moja. Jumapili akarudi.

Mlangoni pa stoo zilining'inia kufuli mbili. Yake ilikuwa chini, imekatwa shingo. Dolphine alikuwa ameketi kwenye benchi, macho mekundu, bila hata tusi moja mdomoni. Masese alikuwa anaipangusa injini kwa kitambaa.

"Mtoto?" Nyasuguta akauliza.

"Tulimkuta ameshafunikwa," Dolphine akasema. "Kultum alituambia amekata roho machweo. Machweo ndio sisi tulikuwa tunaondoka hapa."

"Na mlikuwa mnangoja nini? Si mngevunja mapema!"

"Muulize huyu mwanao. Walter alileta nyundo mchana uleule. Huyu akasimama mlangoni, akasema, 'Kufuli ya mama yangu haivunjwi kama ya mwizi. Mama amesema anakuja, anakuja.' Nani angemtoa hapo? Mimi?"

Masese hakuinua uso. "Mama," akasema polepole, "magari yalikosekana?"

Ee, alivyomfungulia mlango wa kujitetea! Nyasuguta akaingia mbio.

"Yalikosekana, mwanangu. Yale mawili yalijaa mpaka juu. Halafu Sabato ikaingia."

Masese akakunja kitambaa, akakiweka juu ya injini.

"Nilipiga tena jua likikaribia kuzama. Noordin akaniambia magari yamepita matupu mchana kutwa, na wewe na dada yako mko nyuma ya duka, mnaimba. Akauliza kama akuite. Nikamwambia akuache uimbe. Ndipo nikachukua msumeno."

Akatoka kwenda ziwani, asimwangalie Dolphine, asimwangalie mama yake. Dolphine akainuka amfuate, akasita, akarudi kuketi.

"Mfuate wewe," akamwambia Nyasuguta. "Ni wako."

Nyasuguta akafika mpaka mlangoni. Alitaka kumwita, lakini hakuna neno aliloliona mdomoni ambalo mwanawe angeliamini.