Shamba Lililofagiliwa

Mgeni akija, mahali panafagiliwa. Hilo Bibi hakufundishwa na mtu, alikua akiliona. Basi waliposikia mpimaji wa mashamba yuko njiani, yeye na mkwewe walishika reki wakaingia kwenye kahawa. Majani makavu yote yaliyolala chini ya mibuni waliyakusanya, wakayatia moto.

"Hapa hata mtoto analala bila mkeka," mkwe alisema, mkono kiunoni.

"Angekuwepo baba mkwe wako angesema tumerukwa na akili. Yule na ufagio walikuwa hawasalimiani."

Walicheka, lakini roho zilikuwa juu. Kiwanda cha kahawa kilikuwa kimeleta kipimo kimoja kwa mashamba yote, cha kuangalia kama ardhi itaendelea kuzaa mpaka kwa wajukuu. Shamba likianguka kwenye kipimo hicho, kahawa yake haipokelewi msimu mzima. Na wao hawakuwa na kingine cha kuuza.

Mpimaji alikuwa binti mpole. Alizunguka, akachuchumaa, akashika udongo. Ukamponyoka kama vumbi.

"Mama, majani yalikwenda wapi?"

"Tumeyachoma, mwanangu. Si tulikuwa tunakusubiri wewe?"

Binti aliinamisha kichwa. Akaeleza polepole kwamba majani ndiyo blanketi la udongo, na ndiyo yanayotazamwa kwanza. Udongo ukiwa uchi, shamba limeanguka.

"Yalikuwepo mpaka juzi," mkwe akasema. "Waulize majirani."

"Nakuamini, dada. Ila napima ninachokiona."

"Si uandike tu tulivyokwambia?"

"Ikigundulika, kiwanda kinalifuta kundi lenu zima la wakulima. Hapo mtakuwa mmewaponza na wenzenu."

Bibi hakumlaumu. Alimpa maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka njiani, kwani mgeni ni mgeni hata akija na mabaya.

Jirani yao, yule waliyezoea kumwita Bwana Takataka kwa shamba lake lilivyojaa majani, alikuwa amesimama kwenye ua wake.

"Mimi nimepita, shemeji. Sikugusa hata jani." Alitaka kuongeza utani, akauona uso wa Bibi, akaingia ndani.

Mchana mvua ikashuka. Maji yalitoka kwenye kahawa yakiwa mazito, mekundu, yakapita mbele ya mlango. Mkwe akakamata jembe.

"Kaa, mwanangu."

"Udongo unakwenda, mama."

"Nauona. Jembe halitauzuia sasa."

"Basi tuuache tu?"

Bibi alisogea, akamwachia nafasi kwenye kizingiti. Mkwe alisimama kidogo na jembe lake, kisha akaketi.