Madungu Tisa ya Ilomelo

Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa nne asubuhi, Mzee Fikiri alikuwa amechuchumaa katikati ya ua wake pale Goweko, kopo la majivu mkononi, akichora msitu. Majivu yalitoka jikoni kwa mkewe, Apolinaria, na aliyachekecha kwa chujio la chai, jambo ambalo Apolinaria alikuwa bado hajalijua. Mstari mnene ulikuwa mto mkavu. Mstari mwembamba ulikuwa njia ya kale ya wapagazi, ile iliyotoka Tabora kwenda pwani, na ambayo nyasi za miaka mia na zaidi zilikuwa zimeshindwa kuifuta. Punje za mahindi zilikuwa madungu, yaani vile vijukwaa vya miti ambavyo mwindaji hupanda na kumsubiri mnyama apite chini.

Ua ulijaa, kama siku zote. Kwa Apolinaria mtu hakuhitaji mwaliko, alihitaji kuja na habari. Asubuhi hiyo zilikuwa zimeshaletwa habari za mwalimu aliyehamishwa na za ng'ombe aliyezalia kwenye kituo cha reli, na kila aliyeleta alipewa michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, na karanga, akapata na mahali pa kukaa. Wote walichungulia majivu, na wote walikuwa na maoni.

Kupanga mawindo ya pongo, yule swala wa vichakani, ni kazi ya maneno mengi. Kwanza upepo: Fikiri alirusha majivu kidogo hewani akatazama yanakoangukia. Pili jua: dungu halikai mahali ambapo jua la jioni litakitupa kivuli chako njiani. Tatu chakula, maana pongo hafuati mtu, hufuata majani machanga yanayochipua baada ya nyasi kuungua. Na mwisho kabisa, desturi ya wawindaji wa kwao: punje haiwekwi chini mpaka litajwe jina la mtu aliyekaa pale mara ya mwisho.

Fikiri aliweka punje tisa. Mara tisa alitaja jina moja, Ngollo. Huyo alikuwa baba yake.

Kila mtu pale uani alijua kisa cha Ngollo, lakini kilisimuliwa tena, kwa sababu michembe ilikuwa bado ipo. Mwaka wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, sabini na nne, watu hawa walikuwa wakiishi Ilomelo, mwendo wa saa tatu kutoka hapo kwa kufuata njia ya wapagazi. Siku moja alikuja mpima ardhi na daftari lake, akauliza nani anaijua nchi hii. Wakamwonyesha Ngollo, mwindaji. Ngollo alimkaribisha, akamchomea nyama, akamtembeza siku mbili nzima kumwonyesha madungu yake tisa, moja baada ya jingine, akimweleza upepo na kivuli. Mpima alikuwa msikivu, akaandika yote. Nyumba Ngollo hakumwonyesha. Nyumba hazikuwa kitu cha kuonyeshwa, zilikuwa zinaonekana.

Mwezi uliofuata malori yalikuja kuwahamisha. Waliambiwa watarudi baada ya mavuno, kwa hiyo walifagia nyua, wakafunga milango, na funguo wakazificha kwenye mzinga wa nyuki ambao haukuwa na nyuki. Mavuno yalipita, na mengine yakapita. Ilomelo ikawa ndani ya vigingi vya kitalu cha uwindaji, na wageni wakaja kwa ndege ndogo kuwinda pale.

Sasa watu wa Ilomelo walikuwa wameandika barua kuomba kijiji chao kiingizwe kwenye ramani, hata kama hawataruhusiwa kulala huko, angalau waruhusiwe kuingia kufyeka makaburi. Ofisi ya wanyamapori ilikuwa imejibu kwa adabu. Ilisema ramani ya mwaka sabini na nne haina kijiji chochote, ina madungu tisa, na kwamba hapo palikuwa mahali pa kuwindia. Kama kuna ushahidi wa makazi uletwe, na afisa atakuja kuuona kabla mwezi wa nane haujaisha. Barua hiyo Fikiri alikuwa ameikunja na kuiweka mfuko wa shati. Alikuwa akiigusa mara kwa mara, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Jioni ya Jumatatu alipanda dungu la kwanza, nje kidogo ya vigingi kama yale mengine, na bunduki yake ya gobole. Kibali kilimruhusu pongo mmoja dume. Saa kumi na mbili hivi, pongo alitokea kwenye njia ya wapagazi. Alikuwa jike, na alikuwa amejitwika kinu. Chini ya kinu aliweka kata ya majani mabichi, iliyosokotwa vizuri, na alitembea kwa ule mwendo wa mtu mwenye mzigo, shingo imenyooka na miguu ikienda yenyewe. Nyuma yake alifuata dume mwenye mlango mgongoni, kisha jike mwenye mitungi miwili. Pongo kwa kawaida hutembea peke yake. Hawa walikuwa kumi na wawili, mmoja nyuma ya mwenzake.

Fikiri hakupiga. Kibali kilisema pongo, hakikusema chochote kuhusu vinu.

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe. Apolinaria, aliyekuwa akipepeta dengu, aliuliza swali moja tu.

"Kinu cha nani?"

"Sikukitambua. Kina ufa mdomoni, umezibwa kwa nta."

"Hicho ni cha shangazi yako Paskazia," alisema Apolinaria. "Mimi nilikitwangia siku ya harusi yangu. Unakaaje juu ya mti hukitambui kinu?"

Kesho yake Shangazi Paskazia, mwenye miaka themanini na kitu na ulimi wa miaka ishirini, alipandishwa kwenye dungu kwa kusukumwa kutoka chini na kuvutwa kutoka juu, huku akiwaonya waangalie mikono yao inashika wapi. Jioni, yule pongo wa kinu alipofika kwenye kigingi alisimama. Paskazia alimpa salamu ya jioni kwa Kinyamwezi, akajitaja jina lake na la mumewe, akamwambia asante kwa safari. Pongo aliinamisha kichwa, akakitua kinu taratibu, akaacha na kata yake, akarudi alikotoka.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kilichotakiwa ni mwenyewe awepo, na dungu liwe mahali pake. Fikiri alijaribu kuyasogeza madungu mengine huku na huku, akarusha majivu asubuhi na jioni, na kila mara upepo ulimrudisha kwenye punje zile zile tisa. Baba yake alikuwa amechagua vizuri. Hilo lilimfurahisha kuliko alivyokiri. Akagawa madungu kwa familia, na watu wakaanza kuja kutoka Itetemia na Nzega, na mmoja kutoka Kigoma kwa treni, wote wakifikia kwa Apolinaria, maana wangefikia wapi pengine?

Kutoka Tabora mjini alikuja Bi Zeyana, ambaye babu yake alikuwa na duka Ilomelo, akinunua nta na asali na kuuza kaniki. Alikuja na gari la Noah lililojaa jamaa, sinia la halua na birika la kahawa. Alipanda dungu na baibui lake bila kusaidiwa. Alichokuwa akingoja ni mizani.

"Mzee Fikiri, watu wa hapa walisema babu yangu anapunja. Nimekua nikilisikia hilo. Nikiipata nitapima mwenyewe nijue."

Mizani ilikuja siku ya tatu, juu ya pembe za dume mzee, sahani zikining'inia na kulia kila hatua. Bi Zeyana aliipimia halua, ambayo uzito wake aliujua, pale pale uani. Ilikuwa inapunja. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akaikumbatia ile mizani, na Apolinaria akammiminia kahawa.

Wiki saba ua ulikuwa Ilomelo. Milango iliegemezwa ukutani kwa mpangilio wake wa zamani, ya kwa Paskazia ikitazamana na ya kwa Sabiri mfua vyuma, na watu walijikuta wakibisha hodi kabla ya kupita kati yake. Kengele ya shule ilitundikwa kwenye kamba ya nguo. Watu wazima walio na wajukuu waligombania tena nani alikaa dawati la mbele. Jioni harufu ya vitu vile, moshi wa kale na nta na udongo, ilishuka uani, na waliokuwa wakipiga soga walipunguza sauti bila kuambiwa.

Kitu cha kwa Ngollo peke yake hakikuja. Fikiri alikaa kila jioni, akiwatazama pongo mmoja mmoja. Alipokea vitanda, vibuyu na mashoka ya wenzake.

Bwana nyama, yaani yule afisa wa wanyamapori, alifika tarehe ishirini na sita Agosti kwa pikipiki. Aliitwa Revocatus, kijana mpole, akawapa wazee wote shikamoo mmoja mmoja, akala michembe, akaomba aongezewe. Fikiri alimpenda hapo hapo. Alimtembeza madungu yote tisa. Alimweleza upepo. Alimwonyesha jinsi kivuli cha mtu kinavyoangukia nyuma yake, kamwe si njiani. Revocatus aliandika kila kitu. Jioni walikaa pamoja kwenye dungu la tano, wakatazama msafara.

"Mzee, yule wa tatu amebeba kitanda cha zahanati?"

"Cha zahanati. Cha wodi ya wazazi."

"Naona," alisema Revocatus, akaandika.

Alipoondoka, Apolinaria alikuwa akifagia ua, akifagia pia yale majivu.

"Umemwonyesha na nyumba zilipokuwa?" aliuliza.

"Nyumba gani tena, mama? Vyombo si ameviona kwa macho yake."

Apolinaria akayazoa majivu, akayarudisha kwenye kopo.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, na Bi Zeyana aliyasoma kwa sauti kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri. Ofisi iliwashukuru wananchi kwa ushirikiano. Afisa alikuwa amethibitisha kuwepo kwa madungu tisa, mahali pale pale palipooneshwa mwaka sabini na nne, yakiwa katika hali nzuri na yakitumika. Kwa hiyo ramani ilikuwa sahihi. Kuhusu vinu, milango, mizani na kengele, ofisi ilieleza kwamba kitu chochote kinachotoka kwenye mwili wa mnyamapori ni nyara, na nyara haikai nyumbani kwa mtu bila hati.

Mmoja aliuliza kama wameandika "katika hali nzuri." Bi Zeyana akasema ndiyo, wameandika.

Lori lilikuja Alhamisi. Askari wawili walimkuta Shangazi Paskazia amekalia kinu chake. Walimwamkia vizuri, wakamwomba anyanyuke, naye akanyanyuka, kwa sababu walikuwa wamemwamkia vizuri. Aliwaelekeza namna ya kukibeba ili nta isitoke kwenye ufa. Mizani ililia mpaka lori lilipovuka reli.

Jioni hiyo Fikiri alikwenda kwenye dungu la kwanza. Hakuchukua bunduki. Alikaa akazitoa barua mfukoni, ile ya zamani na hii mpya, akazitazama zote mbili, na kwenye ile mpya walikuwa wameambatisha ramani. Vitone tisa. Vilikuwa vimepangwa vizuri sana. Mtu yeyote aliyejua uwindaji angeona hivyo.

Pongo alitokea peke yake, dume mwenye mvi kidevuni. Alikuwa amebeba ngazi. Ilikuwa ngazi ya mti wa mkurungu, ya vipandio sita, na kile cha nne kilikuwa kimefungwa kwa ngozi, kwa sababu Fikiri mwenyewe alikivunja akiwa na miaka minane akakimbilia kwa bibi yake. Ilikuwa ngazi ya dungu.

Fikiri alijitaja jina. Akamtaja Ngollo. Akataka kuongeza jambo kuhusu mpima na nyama ya kuchoma na zile nyumba, lakini pongo alikuwa ameshaitua ngazi, na amechoka, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Fikiri akamwambia asante kwa safari.

Aliegemeza ngazi kwenye dungu, nayo ikafika sawasawa. Akashukia hiyo, taratibu, kipandio kwa kipandio, akakipita kile cha nne kwa uangalifu. Kisha akaitia begani akaenda nayo nyumbani.

Ua ulikuwa umejaa. Mwalimu aliyehamishwa alikuwa amerudishwa, na habari hiyo ilikuwa bado mbichi. Watu walimsogezea nafasi.

"Leo imekuja nini?" aliuliza Apolinaria.

"Ngazi."

"Ya nani?"

"Ya baba."

Apolinaria aliishika, akaitikisa kuona kama imekaza, akapitisha kidole kwenye ile ngozi.

"Ipandishe juu ya paa la jiko, ilaze," alisema. "Nitaanikia michembe juu yake. Wakija tena watakuta michembe."

Fikiri akaipandisha. Kisha akachukua kopo la majivu na chujio la chai, akachuchumaa, na mara hii akaanza kuchora nyumba. Alichora ya kwa Paskazia, ya kwa Sabiri, duka, shule, zahanati. Watu walimsahihisha, wakabishana kuhusu mlango wa duka ulitazama wapi, wakamtajia majina, naye aliyaandika yote kwa majivu mpaka upepo wa usiku ulipoanza. Ulivuma kutoka mashariki kama kawaida yake, na Fikiri, bila kukusudia, alitazama majivu yanakoangukia.